Ajizi, Mavune na Kujipimia: Maelezo kuhusu Uchovu Sugu

Methali "Ajizi nyumba ya njaa" tumeikariri tangu shule ya msingi, na aghalabu ajizi hufasiriwa kuwa ni uvivu. Hata hivyo, neno hilo tulilikopa katika Kiarabu, ambako maana yake ya msingi ni kutoweza. Lilipotufikia sisi, kutoweza kukageuka kuwa kutotaka. Makala hii inawahusu wanaoumia katika pengo hilo, yaani wagonjwa wa uchovu sugu, pamoja na mbinu inayowasaidia kuishi nao, ambayo hapa nitaiita kujipimia.

Mfano nitautoa Mji wa Kale, Mombasa, nilikokulia. Mwishoni mwa 2017 na mapema 2018 kisiwa kilikumbwa na homa ya chikungunya, kama kilivyokumbwa mwaka 2004 ilipoanzia Lamu. (Wanaisimu watapenda kujua kwamba jina hilo ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, na lilienea kufuatia mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika.) Wengi hupona upesi, baadhi hubaki na maumivu ya viungo na uchovu kwa miezi, hata miaka. Si kila uchovu wa namna hiyo ni uchovu sugu kwa maana ya kitabibu. Sharti kwanza daktari aondoe shaka ya maradhi mengine, kama vile upungufu wa damu na hitilafu za tezi, na kwa watu wazima hali iwe imedumu takriban miezi sita. Usingizi hauburudishi, na mara nyingi fikra huingia ukungu. Lakini dalili inayoutambulisha hasa ugonjwa huu ni kuzidiwa baada ya kujishughulisha, na kuzidiwa huko mara nyingi hakuji papo hapo. Huweza kuja baada ya saa 12 hadi 48, kisha kukadumu siku kadhaa au wiki.

Ikumbukwe kwamba mavune ya kawaida hayako hivyo. Hamali wa Marikiti huumwa mgongo jioni, akalala, akaamka mzima. Shangazi yangu wa Kibokoni, aliyeugua homa ile, hakuwa hivyo. Jumatatu akijisikia nafuu alifua, akashuka ngazi kwenda sokoni, akapika, na usiku akaenda harusini. Jumatano kuinua kikombe kulimshinda. Watu wakasema juzi alikuwa akipiga vigelegele, leo anajitia ugonjwa. Nami nilikuwa miongoni mwao. Nilimwambia, "Shangazi, jikaze."

Hata wataalamu walikuwa na "jikaze" yao. Mwongozo wa kitabibu wa Uingereza wa mwaka 2007 ulipendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwa baadhi ya wagonjwa hawa. Mwongozo mpya wa Oktoba 2021 uliyaondoa mazoezi ya mpango huo, ukaelekeza mgonjwa abaki ndani ya mipaka ya nguvu zake.

Kujipimia kunaanza kwa kuijua mipaka hiyo. Mgonjwa huandika alichokifanya kila siku na jinsi alivyokuwa siku mbili tatu zilizofuata, mpaka atambue ni kiasi gani humwangusha. Kisha hubaki chini ya kiasi hicho hata siku ya nafuu, na hiyo ndiyo siku ngumu zaidi. Hupumzika kabla ya kuchoka. Kusoma, kuhesabu pesa na kuzungumza na wageni vyote huhesabiwa kuwa kazi. Wapo watakaosema haya tayari yamo katika "Mwenda pole hajikwai." Sidhani. Methali hiyo inazungumzia mwendo, ilhali kujipimia kunahusu zaidi kituo: utulie wapi ungali na nguvu za kuendelea.

Mbinu hii haiponyi. Shangazi bado ni mgonjwa, ila siku za kulala kitandani zimepungua. Hukuna nusu ya nazi, akajinyoosha, akarudia baadaye. Ngazi hushuka mara moja kwa siku. Mengine huyapandisha dirishani kwa kikapu na kamba. Kinachomwelemea zaidi ni watu. Mtaani kwetu kutoonekana matangani ni kosa lisilosahaulika, na harusi huchukua siku kadhaa. Sasa huchagua siku moja tu.

Katika harusi ya karibuni aliketi karibu na mlango kwa muda wa saa moja, kisha akajitanda buibui lake. Jirani akamuuliza mbona anaondoka na hali haonekani kuchoka.

"Ndiyo sababu naondoka," akajibu.

Siku ya tatu yake nilipita kumjulia hali, nikamkuta yuko juu ya mbuzi, na nusu ya nazi ya pili imefunikwa sahani kando yake.