Ufa unarudi kila kiangazi: mara mingi shida si sima, ni udongo chini ya nyumba

Kwenye bonde la Ruzizi, kati ya Kamanyola na Uvira, kuko nyumba zenye mlango unakwama kila mwaka wakati wa mvua, kisha unafunguka vizuri mwezi wa nane bila mtu kuugusa. Mwenye nyumba analaumu seremala. Mwaka unaofuata, ufa unatokea kwenye kona ya dirisha na kupanda kama ngazi katikati ya matofali, mpaka karibu na mabati. Sasa analaumu fundi, eti aliiba sima. Anaita fundi mwingine, wanaziba ufa na kupaka rangi. Kiangazi kinarudi, na ufa unarudi palepale.

Kuiba sima kunatokea, hakuna wa kukataa. Lakini kama ufa unafunguka na kujifunga kufuata majira, sima haina kosa. Nyumba imesimama juu ya udongo unaotembea. Ni vizuri kujua jambo hilo mapema, ju familia nyingi zinatumia akiba ya miaka kwa kuziba ukuta, na chini hakuna kilichobadilika.

Udongo unaovimba na kusinyaa

Udongo wa mfinyanzi si wa aina moja. Kuko ule mwekundu wa milimani, wenye unakunywa maji bila kuvimba sana. Kuko pia udongo mweusi, mzito, wa sehemu za tambarare ambako maji yanatuama. Ndani ya ule mweusi mara mingi munakuwa chembechembe ndogo sana zinazoitwa smektite. Zimepangwa kama kurasa za kitabu. Maji yakiingia katikati ya kurasa, kitabu kinanenepa, yakitoka, kinakonda.

Mkulima wa Sange ao Luvungi anaujua udongo huo bila kusoma kitabu. Wakati wa mvua unashika jembe na viatu, hata pikipiki inashindwa kupita. Kiangazi unakuwa mgumu kama jiwe na kupasuka, na mkono unaweza kuingia ndani ya mpasuko. Si bonde lote liko hivyo. Karibu na mito kuko mchanga na changarawe, na parseli mbili za jirani zinaweza kuwa na udongo tofauti.

Kama udongo wote chini ya nyumba ungepanda na kushuka pamoja, nyumba ingepanda na kushuka bila shida kubwa. Lakini haiko vile. Katikati ya nyumba, sakafu na mabati vinazuia jua na mvua, kwa hiyo udongo wa pale unabadilika polepole. Kwenye kuta za nje unakauka haraka na kulowa haraka. Mwezi wa sita mpaka wa tisa, kona za nyumba zinashuka. Mvua zikirudi, zinainuka. Ukuta wa matofali haujui kujipinda, kwa hiyo unapasuka. Nyumba za miti na udongo zinajipinda kidogo, ndiyo maana mara mingine zinavumilia kuliko nyumba ya matofali ya kuchoma.

Nyumba isiyo na etaji ndiyo inateseka zaidi, ju ni nyepesi. Udongo ukivimba una nguvu ya kuinua ukuta wake. Na kama fondasyo ina sentimita 50 tu, imekaa kabisa ndani ya tabaka linalotembea.

Si kila ufa ni wa udongo mweusi

Kabla ya kutoa pesa, ni lazima kujua ufa umetoka wapi. Ufa mwembamba kama unywele, unaotembea kila upande kwenye krepi peke yake, ni krepi iliyokauka haraka. Hauna hatari. Ufa wa udongo unaovimba unaanza mara mingi kwenye kona ya mlango ao dirisha, unaenda mshazari ao kama ngazi, unapita pande zote mbili za ukuta, na unabadilika kati ya kiangazi na mvua.

Ufa wa tetemeko unatokea siku moja. Wakaaji wa Bukavu wanakumbuka tarehe 3 Februari 2008, na wale wa Goma wanakumbuka siku zilizofuata mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, wakati matetemeko yalipasua nyumba na barabara. Goma imejengwa sehemu kubwa juu ya mawe ya volkano, kwa hiyo huko mtu asikimbilie kulaumu udongo wa mfinyanzi.

Bukavu ni jambo lingine tena. Sehemu kama Funu, mlima wenyewe unateremka polepole. Pale nyufa hazijifungi wakati wowote. Zinapanuka tu, ngazi za nje zinaachana na nyumba, miti na nguzo zinainama upande mmoja. Kuongeza fondasyo hakusimamishi mlima. Mwenye kuona alama hizo asimwage pesa kwenye beto. Aulize kwanza ofisi ya urbanisme, na aanze kufikiri kuhamisha familia.

Dawa ya kwanza ni maji

Kwa nyumba ya udongo mweusi, kazi ya kwanza si ya sima. Ni kufanya maji chini ya nyumba yasibadilike sana, mvua na kiangazi. Kazi hiyo haiombi pesa nyingi.

Weka gutiere kwenye mabati, na upeleke maji mbali kwa kanivo ao bomba. Maji yanayoanguka chini ya ukuta ndiyo yanalisha udongo sehemu moja na kuacha nyingine kavu.

Tengeneza mteremko kuzunguka nyumba, ardhi ishuke kama sentimita 5 kwa kila metre moja, kwenda nje. Juu yake weka trotuari ya beto yenye upana wa metre moja ao moja na nusu, ikizunguka nyumba yote. Hapo kona hazikauki haraka wala kulowa haraka.

Angalia mahali maji yanamwagwa: pa kuoga, pa kufulia, robine inayovuja, shimo la maji machafu. Kama liko karibu na ukuta, upande ule utavimba hata kiangazi.

Angalia pia miti. Avoka, embe ao mikaratusi karibu na ukuta inakunywa maji ya chini wakati wa kiangazi, na udongo unasinyaa. Mti wa kupanda leo ukae mbali na nyumba kadiri ya urefu utakaofika ukiwa mkubwa. Lakini usikate tu mti mkubwa wa zamani kwa siku moja. Maji uliyokuwa unakunywa yatabaki ndani ya udongo, na udongo utavimba. Punguza matawi kwanza, na uliza mtu mwenye kujua.

Pima ufa kabla ya kuuziba

Kisha subiri. Chora kwa kalamu mistari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa. Pima kwa rula nafasi iliyo kati yao, na uandike tarehe palepale ukutani. Rudia kila mwezi, mvua moja na kiangazi kimoja. Mtu ambaye mvua zinaingia kwake kupitia ufa anaweza kuufunga kwa muda na udongo laini ao chokaa, si sima ngumu. Ukijaza sima ngumu wakati ufa umefunguka, mvua zikirudi ukuta hauna nafasi ya kujifunga, na utapasuka pembeni.

Kama baada ya kazi ya maji nafasi haibadiliki tena, nyumba imetulia. Hapo ziba. Ondoa matofali yaliyovunjika, ingiza mazima, na weka vipande vya vyuma vinavyovuka ufa ndani ya mistari ya sima.

Ikiendelea kufunguka, ao ukuta ukiinama, ao ufa ukipitisha kidole, usingoje. Ondoa watoto katika chumba kile, tegemeza mabati kwa miti, na uite injinia ao fundi mwenye aliisha kufanya kazi ya namna hiyo. Kuongeza fondasyo chini ya ukuta kunafanyika kipande kwa kipande, kama metre moja kila mara, kwa kurukaruka: unachimba hapa, unamwaga beto, inashika, ndipo unafungua kipande kingine mbali kidogo. Fundi anayetaka kufungua chini ya ukuta mzima kwa siku moja, mrudishe kwake. Ukuta unaweza kumwangukia.

Kwa mwenye bado hajajenga

Nunua parseli kiangazi, si wakati wa mvua. Majani mabichi na matope vinaficha mipasuko. Chimba shimo na uangalie mipasuko inafika wapi chini. Fondasyo ishuke kupita pale.

Kuko pia jaribio la nyumbani. Chukua udongo wa shimo lile, uukaushe, uusage mpaka uwe unga, na upime kimo chake ndani ya glasi iliyonyooka. Mimina unga huo polepole ndani ya glasi nyingine sawa na ile, yenye maji. Kesho yake pima tena kimo cha udongo uliotulia chini. Kama umeongezeka kidogo tu, ni vizuri. Kama umeongezeka nusu ao zaidi, uwe na mashaka. Ukifika mara mbili, usijenge pale bila injinia.

Kama hakuna parseli nyingine, inawezekana kutoa udongo mweusi chini ya nyumba na kuweka udongo mwekundu usiovimba, ukipigwa tabaka kwa tabaka za sentimita 15 ao 20. Wengine wanajaza mchanga peke yake, na hilo ni kosa: mchanga unakusanya maji kama beseni, na udongo mweusi wa chini unaendelea kuyakunywa. Mwishoni, fungeni kuta kwa shenaji mbili, yaani mikanda ya beto na vyuma inayozunguka nyumba yote, moja juu ya fondasyo na nyingine juu ya madirisha. Fundi akisema shenaji ya chini si lazima, mwonyeshe glasi yako ya udongo kabla hamjapatana bei.