Chungu cha udongo kilivyogeuka 'bomu la petroli' la Zama za Kati

Ilikuwa mwaka 1190 mjini Acre, ambao leo uko Israel. Wapiganaji wa Msalaba kutoka Ulaya walikuwa wameuzingira mji huo na kujenga minara mitatu ya mbao, kila mmoja na ghorofa tano zilizojaa askari. Minara hiyo ilifunikwa kwa ngozi zilizoloweshwa siki ili isishike moto.

Walinzi wa mji walijaribu kuichoma, wapi! Ndipo akajitokeza kijana fundi shaba kutoka Damascus.

Mwanahistoria Ibn al-Athir anasimulia kuwa kijana huyo alianza kwa kurusha vyungu vya mafuta bila kuviwasha. Askari waliokuwa mnarani wakacheka na kucheza, wakidhani ameshindwa. Kumbe mbao zilikuwa zinalowa mafuta. Kisha kikarushwa chungu chenye moto, na mnara ukateketea pamoja na waliokuwemo. Mingine miwili nayo ikaungua.

Sultani Saladin alitaka kumzawadia, lakini kijana akakataa.

Ndani kulikuwa na nini?

Hasa nafta, yaani mafuta ghafi yaliyojitokeza yenyewe ardhini katika maeneo kama Baku. Ukiyamwagia maji yanaelea juu na kuendelea kuwaka, ndiyo maana watu walitegemea mchanga na siki kujikinga.

Kwa nini udongo?

Ni rahisi, wafinyanzi walikuwa kila mahali, na chungu hakiungui. Zaidi ya yote, kikitua kinapasuka na kusambaza mafuta. Chupa ya bomu la petroli hufanya kazi hivyohivyo.

Majeshi ya Abbasiya yalikuwa hata na kikosi maalumu cha kazi hiyo, kilichoitwa naffatun.

Raia nao waliumia

Mwaka 1168, Waziri Shawar wa Misri aliamuru mji wa Fustat uchomwe usije ukaangukia mikononi mwa Wapiganaji wa Msalaba. Mwanahistoria al-Maqrizi anataja vyungu 20,000 vya nafta, mienge 10,000 na moto uliowaka siku 54. Wakazi walikimbilia Cairo.

Si kila chungu kilikuwa silaha

Mwaka 2022, wanasayansi walichapisha uchunguzi wa mabaki ya vyombo vinne vya udongo kutoka Jerusalem. Kimoja tu ndicho kilichoonekana huenda kilibeba kemikali za kulipuka. Vingine vilihusishwa na mafuta, manukato na dawa.

Yaani chombo kilekile cha nyumbani kingeweza kutibu mtu, au kuchoma mji.