Visu Viwili vya Kukatia Kitenzi

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo sina sungura wala fisi. Nina kitenzi kimoja cha Kifaransa, chanterons, yaani "tutaimba", na visu viwili vya kukikatia.

Kisu cha kwanza ni sikio. Pigeni makofi: chan-te-rons. Silabi tatu. Ile s ya mwisho imo kwenye maandishi tu, haitamkwi. N nayo kazi yake ni kuipitisha irabu puani. Mtu wa Paris akiwa na haraka huimeza e ya katikati, yakabaki makofi mawili. Wa Marseille, kule kusini, mara nyingi huitamka.

Kisu cha pili ni maana: chant-er-ons. Chant ndiyo yenye kuimba, er inaleta wakati ujao, ons ni sisi. Sasa itazameni t. Sikio liliipa te, maana inairudisha kwa chant. Na r vivyo hivyo: sikio liliipeleka kwa rons, maana inasema ni ya er.

Msiwacheke Wafaransa. "Tutaimba" yetu sikio huikata tu-ta-i-mba, maana huikata tu-ta-imb-a. Mbele visu vinapatana, nyuma vinagombana. Na wimbo ukishaimbwa? U-me-i-mbwa! Mbwa huyo hapo mwishoni, wala habweki, kwa kuwa silabi hailazimiki kubeba maana yoyote.

Er hiyo ilitoka wapi? Wasemaji wa Kilatini walikuwa na cantare habeo, kama kusema "nina kuimba". Baada ya karne nyingi maneno hayo mawili yakashikana, yakawa chanterai, "nitaimba". Mpaka leo, "nina" ya Wafaransa inaonekana pale mwishoni: j'ai, chanterai, tu as, chanteras, ils ont, chanteront. Kwa hiyo mwanafunzi anayekata chanter-ai hajakosea hata kidogo. Amekata palepale maneno yalipoungana.

Haya, chukueni finirons, "tutamaliza". Sikio: fi-ni-rons. Maana: fini-r-ons. Safari hii visu vinakutana baada ya fini, na er haipo, ipo r peke yake. Basi rudini kwa chanterons mniambie: wakati ujao unabebwa na er nzima, au na r tu? Mimi niko upande wa r. Anayebisha asimame atetee er yake.