Simu mpya: Fungate wiki moja, ndoa ndiyo kasheshe

Hakuna raha kama kubandua ile nailoni laini ya kwenye kioo cha simu mpya. Walioionja wananielewa. Kuanzia hapo mtu hatembei, anaelea. Simu ikiita haipokei upesi, anataka kwanza jirani kwenye daladala akione kioo kinavyowaka. Hiyo ndiyo fungate yenyewe, na fungate, msomaji wangu, haina bili. Bili zinakuja baadaye.

Nina mwezi mmoja na simu janja ya laki tatu na ushee, mali ya Kariakoo, nikiwa nimetokea kwenye kitochi. Picha bomba, laini mbili, ramani mkononi. Si ajabu kampuni ya Transsion ya China, wenye Tecno, itel na Infinix, ilijijengea jina Afrika: iliona mapema kwamba tunataka laini zaidi ya moja, chaji inayokaa na kamera isiyogeuza ngozi nyeusi kuwa kivuli. Lakini mwezi huu umenifundisha jambo moja: simu hizi hazinunuliwi mara moja. Zinanunuliwa kila siku.

CHAJI
Kitochi ukikichaji Jumapili, Alhamisi bado kinadunda. Simu janja asubuhi ina asilimia mia, usiku inakuaga. Usikimbilie kumtukana muuzaji. Kioo kikubwa kinakula chaji vibaya sana, na intaneti nayo haiko nyuma. Punguza mwanga, zima usiyoyatumia. Na usiichaji chini ya mto, maana joto linaizeesha betri kabla ya siku zake.

BANDO
Unajiunga asubuhi, kufika Ubungo bando limekata. Nani kala? Simu yenyewe! Programu zinajisasisha kimyakimya, na WhatsApp inashusha picha za magrupu yote: la harusi, la kikoba na la mliosoma wote darasa la saba. Dawa ipo. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uondoe alama kwenye picha na video. Play Store nayo iambie isasishe kwa Wi-Fi tu. Tangu nifanye hivyo, bando langu la siku limeanza kuuona usiku.

NAFASI
Boksi linasema GB 64, wewe unashangilia. Ukiwasha tu, unakuta nyingine zimeshaliwa na mfumo wa simu yenyewe. Ni kama kupanga chumba ukakuta mwenye nyumba kaacha kabati lake, na halitoki. Kwa hiyo kabla hujalipa, fungua mipangilio uone nafasi iliyobaki, usisome boksi peke yake. Ukiwa hapohapo dukani piga *#06#, uone kama namba ya IMEI inafanana na ya kwenye boksi. Juni 2016 TCRA ilizifungia simu feki nchi nzima, na kuna watu walibaki na midoli mikononi.

ROHO MKONONI
Hapa sasa tuache utani. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo simu imegeuka pochi, kibubu na benki. Kibaka akiikwapua dirishani pale foleni inaposimama, hakuchukua laki tatu tu. Anaweza kuchomoa laini, akaichomeka kwenye simu nyingine, na zile meseji za kuthibitisha akaunti zako zikaingia kwake. Neno la siri la kioo halimzuii kwa hilo. Kinachomzuia ni namba ya siri ya laini yenyewe, ambayo wengi wetu hatujawahi kuiwasha. Tafuta kwanza kile kikadi kilichokuja na laini, chenye PIN na PUK, ndipo uiwashe. Ukikosea mara tatu laini inajifunga. Na namba ya siri ya pesa isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Shemeji zako wote wanaujua.

Sasa je, inafaa? Inafaa sana. Dada anayeuza mitumba anapata wateja kwa statasi tu, na kijana wa kazi anatuma maombi akiwa kituoni. Ila weka hesabu vizuri. Kama laki tatu ndiyo yote uliyonayo mfukoni, huna hela ya simu bado. Tenga ya kava, ya protekta ya kioo na ya bando la mwezi mzima, ndipo uende dukani.

Fungate kila mtu anaiweza. Ndoa ndiyo inataka mwenye akiba. Haya, wiki ijayo tena!