Je, Wajua? Mtoto Kwanza, Kuanzia Roma Hadi Ngara

Je, wajua kwamba mtu aliyebadili madarasa ya watoto wadogo duniani alikuwa daktari wa tiba? Maria Montessori alihitimu mwaka 1896, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuwa madaktari nchini Italia. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua darasa San Lorenzo, mtaa wa walalahoi jijini Roma, kwa watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Akaanza kwa kuwatazama, kama daktari anavyomtazama mgonjwa kabla ya kuandika dawa. Aliona mtoto akirudia kazi ileile tena na tena bila kutumwa wala kuchoka. Kwake, kazi ya mwalimu ikawa kuandaa chumba na vifaa, kisha kumpisha mtoto. Viti vidogo na rafu za kimo cha mtoto tumevizoea mno, tunadhani vilikuwapo siku zote.

Je, wajua kwamba chekechea ziliwahi kupigwa marufuku? Serikali ya Prussia ilizifunga mwaka 1851. Mwasisi wa chekechea, Friedrich Froebel, alifariki mwaka uliofuata, na marufuku ikaondolewa mwaka 1860. Kumbe mtoto anayecheza anaweza kuitisha serikali!

Je, wajua kwamba shule ya sandukuni ilifika Ngara, Tanzania? Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya takriban saa 24, wakimbizi wa Rwanda wanaokadiriwa kufikia robo milioni walivuka daraja la Rusumo. Kambi ya Benaco ikaota kama uyoga. Watoto walikuwa maelfu kwa maelfu, na madarasa hayakuwapo. UNESCO, kupitia PEER, mradi wake wa elimu ya dharura, ilileta Ngara seti ya vifaa vya kufundishia iliyokwisha kutumika Somalia. Hiyo ndiyo shule ya sandukuni: seti moja ilikusudiwa mwalimu mmoja na wanafunzi wapatao 80. Ndani yake mlikuwa na vibao vya kuandikia, chaki, madaftari, chati za kitambaa zenye herufi na namba, na vipande vidogo vya mbao vya kuundia maneno. Mwongozo wa mwalimu ulitafsiriwa kwa Kinyarwanda.

Hayo hayakuwa madarasa ya Montessori, tusipambe. Wanafunzi 80 kwa mwalimu mmoja ni umati. Lakini vile vipande vya mbao vilimpa mtoto kitu cha kushika, kupanga na kubomoa kwa mikono yake, na huo ndio mlango ambao Montessori alipitia. Sanduku la shule la UNICEF la siku hizi lina vifaa vya watoto 40, na mfuniko wake ukipakwa rangi unakuwa ubao.

 

Je, wajua kwamba MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, ulipoanza kwa majaribio mwaka 1999, Ngara ilikuwa miongoni mwa wilaya tano za mwanzo? Nyingine ni Kisarawe, Masasi, Musoma Vijijini na Songea Vijijini.

Je, wajua kwamba mtaala wa elimu ya awali Tanzania wa mwaka 2016 haukuwa na somo lililoitwa Kusoma? Ulikuwa na umahiri: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, stadi za kisanii na stadi za awali za kihisabati. Ulitaka pia darasa liwe na kona za kujifunzia. Kona ya duka ndiyo tamu kuliko zote: makopo matupu ya majani ya chai, mizani ya vifuu vya nazi au vikopo, vizibo vya soda vikiwa ndiyo fedha. Muuzaji ana miaka mitano. Anadai vizibo vitatu, anapewa viwili, anakunja uso na kunyoosha mkono tena. Hapo ametoa mbili kwenye tatu, na hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni hesabu.

Je, wajua kwamba mtoto wa Ngara huenda akaingia darasa la awali akiongea Kihangaza au Kishubi, ilhali darasa linaendeshwa kwa Kiswahili? Mwalimu anayemjali hukubali jibu kwa lugha ya nyumbani kwanza, kisha humpa Kiswahili chake. Anayemkatiza humfundisha kunyamaza.

Je, wajua kwamba hata pwani tunayo historia yetu? Miaka ya 1980 Bi Swafiya Said wa Mombasa alishiriki kuanzisha shule za awali za madrasa zilizochanganya mafunzo ya dini na kujifunza kwa michezo. Mpango huo, ukisaidiwa na Taasisi ya Aga Khan, ukaenea hadi Zanzibar na Uganda.

Je, wajua kwamba kiwango rasmi cha Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali? Tangu elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016, shule nyingi za vijijini zimezidi hapo kwa mbali, na katika umati kona ya duka hugeuka vurugu. Vifaa ni rahisi. Walimu ndio adimu. Msomaji wa Ngara au Biharamulo, vizibo unavyotupa vipeleke shule jirani, na kwenye mkutano wa kijiji uliza darasa la awali lina walimu wangapi.