Mwanamume na Mwiko: Funzo la Len Deighton

Katika Kiswahili, neno mpishi halina jinsia. Limetokana na kitenzi pika, kama vile mwandishi lilivyotokana na andika, na lugha haikuuliza ni nani atakayeshika mwiko. Waliouliza ni wasemaji wake. Ukitaja mpishi wa hoteli, wengi wetu huona mwanamume aliyevaa kofia nyeupe. Ukitaja aliyepika nyumbani, huona mwanamke. Moto ni ule ule na sufuria ni ile ile. Kinachotofautiana ni mshahara.

Historia yetu yathibitisha hayo. Enzi za ukoloni, wapishi wengi katika nyumba za Wazungu hapa Kenya walikuwa wanaume. Walijua kuoka mikate na keki, kuandaa supu na kupanga meza. Hata hivyo, wengi wao walipokwenda likizo mashambani, waliketi uani wakingoja kupakuliwa. Ujuzi waliuacha mjini pamoja na aproni.

Je, mwanamume aweza kuvutwa vipi hadi jikoni mwake mwenyewe? Jibu moja nalipata katika maisha ya Len Deighton, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka wa 1929. Wengi humfahamu kwa riwaya zake za ujasusi, ambazo ya kwanza, The IPCRESS File, ilitoka mwaka wa 1962. Kabla ya hapo alikuwa amepitia kazi chungu nzima: mpigapicha katika jeshi la wanahewa, mwanafunzi wa sanaa, msaidizi wa jikoni, mhudumu katika ndege za BOAC, na hatimaye mchoraji wa vitabu na matangazo. Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Deighton alishika nyingi, nazo zikaja kukutana mahali pamoja.

Alipenda kupika, lakini hakutaka vitabu vyake vya bei ghali virukiwe na mafuta. Basi akawa anachora maelezo ya mapishi kwenye karatasi za kutumia jikoni. Gazeti la The Observer lilianza kuchapisha michoro ya aina hiyo mwaka wa 1962, na mwaka wa 1965 ikakusanywa katika Action Cook Book, kitabu kilichowalenga hasa wanaume.

Sisi wanaisimu tuna istilahi ya sajili, yaani mtindo wa lugha unaotumiwa na kundi fulani katika shughuli fulani. Nionavyo mimi, siri ya Deighton ilikuwa hapo. Hakuwahubiria wanaume kuhusu usawa, wala hakuwakemea kwa uvivu. Aliwasemesha kwa sajili ya karakana: mistari minene, mishale, vipimo, hatua baada ya hatua, kana kwamba anaeleza jinsi ya kufungua injini. Mwaka huo huo wa 1965, filamu ya The Ipcress File ilimwonyesha Michael Caine akiigiza jasusi ambaye ni mpishi hodari. Hakuna mtazamaji aliyehitaji kuambiwa kwamba jasusi yule angali mwanamume.

Kwetu Kenya, sajili iliyopo ni ya kejeli. Mwanamume akionekana anasonga ugali, majirani hunong'onezana kwamba amekaliwa chapati. Msemo huo una nguvu kuliko hotuba nyingi. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, uliwafundisha wavulana na wasichana Sayansi Kimu katika shule za msingi. Wavulana wale sasa ni akina baba. Wengi wao waliyachukulia mapishi kuwa somo la mtihani, na mtihani ulipokwisha wakafunga daftari.

Hapana budi nitaje kasoro ya njia ya Deighton. Mapishi yake yalimfaa zaidi kapera anayetaka kumpendeza mgeni wake. Nasi tunao mabingwa wa namna hiyo: wanaume wanaochoma nyama Jumapili mbele ya marafiki na kusifiwa, ilhali sukuma wiki ya kila jioni haiwahusu. Kupika kwa maonyesho si kulisha nyumba.

Suala lenyewe si la mzaha. Mke hulazwa hospitalini, mke husafiri, mke hufariki. Kijana naye huenda kupanga chumba mjini, akamaliza mshahara wake kwa chakula cha kununua. Siku hiyo watoto hawali heshima ya baba. Wanakula kilichomo chunguni.

Kwa hivyo, baba ajuaye kupika, iwe alijifunza hotelini, jeshini au bwenini, na amwite mwanawe jikoni siku ya Jumanne, asingoje Krismasi. Amweleze maharagwe yanavyochemshwa kama angalivyomweleza jinsi ya kuziba pancha. Samaki mkunje angali mbichi.