Vifaa vya Kumite: Ununue Seti Gani?

Kabla hujatoa hela dukani kwa vifaa vya kumite, yaani mapambano ya karate, muulize sensei (mwalimu) wako: tunashindana kwa kanuni zipi? Jibu lake ndilo litakaloamua ununue nini.

Kanuni za Shirikisho la Karate Duniani (WKF) ndizo zinazokula hela zaidi. Mchezaji mmoja huvaa nyekundu, mwenzake bluu, na rangi yako hutegemea ulivyopangwa. Kwa hiyo glovu, kinga za ugoko na kinga za miguu hununuliwa kwa rangi zote mbili: jozi 6, pamoja na mikanda 2. Kinga ya kiwiliwili, inayovaliwa ndani ya gi (vazi la karate), inatosha moja. Wanawake huongeza kinga ya kifua. Mashindano makubwa hudai vifaa vilivyoidhinishwa na WKF, na nembo hiyo hupandisha bei.

Kyokushin, mtindo wa karate ulioanzishwa na Mas Oyama, ni nafuu kwa mfuko kuliko kwa mwili. Watu wazima hupigana mikono mitupu. Ngumi ya usoni ni marufuku, lakini teke la kichwani ruksa, na kifuani watu hupigana kwa nguvu zote. Mwanamume atahitaji kinga ya korodani. Kinga ya meno aongeze hata kama hakuna anayemdai.

Anayefanya mazoezi ya klabuni tu anatosheka na seti moja ya rangi yoyote, hata ya mtumba. Bonyeza sponji ya glovu kwa kidole gumba: ikibaki na shimo, imekufa, na atakayeumia ni mwenzako. Kagua na mishipi ya kubana; isiyoshika huiacha kinga ya ugoko izunguke katikati ya pambano.

Kinga ya meno usinunue mtumba kamwe. Ya kulainisha kwa maji ya moto kisha kuing'ata ni ya bei nafuu na inawafaa wengi. Fungua mdomo baada ya kuitengeneza: ikianguka, rudia. Inayotengenezwa na daktari wa meno ni ghali zaidi, lakini hukaa vizuri na humruhusu mtu apumue bila taabu.

Hata hivyo, hakuna kifaa kinachofanya kazi ya nidhamu. Katika fainali ya Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza 4–1 alipompiga Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwa. Ganjzadeh akazimia akiwa na vifaa vyake vyote. Hamedi akaondolewa kwa kupiga kupita kiasi, na dhahabu ikaenda Iran.

Hela ikiwa haba, anza na kinga ya meno, kisha glovu, halafu kinga za ugoko na miguu. Rangi ya pili isubiri mpaka uandikishwe mashindanoni. Na klabu ambayo sensei wake hasimamishi pambano mtu akipigwa vibaya, usiilipe ada hata ikiwa rahisi kuliko zote.